Kuwasemea Wakristo Wanaoteswa Ukiwa Mtwara au Lindi: Mwongozo kwa Wanaojitolea

Mwongozo huu ni wa mlei wa kawaida: katekista, kijana wa VIWAWA au TAYO, mama wa WAWATA au UMAKI, mwanafunzi wa chuo, mwalimu mstaafu mwenye nafasi Jumamosi. Kazi yenyewe haidai cheo wala ofisi. Inadai daftari, simu yenye bando, baraka ya kiongozi wako wa kanisa, na tabia ya kuhakiki jambo kabla ya kulitamka. Hiyo ya mwisho ndiyo inayowashinda wengi.

Na huku kwetu ina uzito wa pekee. Pwani ya Mtwara na Lindi ina Waislamu wengi kuliko Wakristo. Tunaoana, tunazikana, tunapeleka korosho ghala moja na kusubiri mnada mmoja. Vita ya Cabo Delgado, mkoa wa kaskazini mwa Msumbiji, nayo iko ng'ambo ya mto Ruvuma tu. Mtu wa Ulaya akisambaza habari ya uongo kuhusu Wakristo waliochinjwa, huenda hasara ikaishia kwenye simu. Ukiisambaza wewe hapa Nanyamba au Mchinga, kesho asubuhi unakutana dukani na jirani uliyemtia doa. Hatua hizi zimepangwa kwa mtu anayetaka kuwasemea wanaoteswa kwa sauti ya kusikika, na bado aweze kumtazama jirani yake usoni.

Hatua ya kwanza: anza na Ruvuma

Ukitaja Wakristo wanaoteswa, wengi hukimbilia Korea Kaskazini. Si vibaya. Shirika la Open Doors, ambalo kila Januari hutoa orodha ya nchi ambako Wakristo wanateswa zaidi, limeiweka nchi hiyo namba moja kwa miaka mingi, na orodha ya 2025 ilikadiria kwamba Wakristo zaidi ya milioni 380 duniani wanakabiliwa na mateso au ubaguzi wa kiwango cha juu. Lakini tarakimu kubwa namna hiyo haimgusi bibi wa Kitangari. Ruvuma inamgusa, maana huenda ana mpwa wake Mueda.

Kwa hiyo jifunze kwanza kisa cha jirani, ukijue hata ukiamshwa usingizini. Tarehe 5 Oktoba 2017 vijana wenye silaha walivamia vituo vya polisi mjini Mocímboa da Praia. Wenyeji wakawaita Al-Shabaab, ingawa si wale wa Somalia. Baadaye kundi likajitangaza kuwa sehemu ya Dola la Kiislamu. Aprili 2020, katika kijiji cha Xitaxi wilayani Muidumbe, vijana 52 waliuawa, na polisi wa Msumbiji walisema walikataa kujiunga na kundi hilo. Mwaka huohuo misheni ya Nangololo, ambayo Wamakonde wa pande zote mbili wanaijua, iliharibiwa. Oktoba ya mwaka huohuo wapiganaji hao wakavuka mto na kushambulia Kitaya, Mtwara vijijini, wakaua watu na kuchoma nyumba. Machi 2021 ikawa zamu ya Palma, karibu kabisa na mradi wa gesi. Na usiku wa tarehe 6 Septemba 2022, katika misheni ya Chipene mkoani Nampula, Sista Maria De Coppi, mmisionari wa shirika la Wakomboni kutoka Italia aliyetumikia Msumbiji tangu 1963, alipigwa risasi akafa. Kanisa, shule na hospitali ya misheni vikatiwa moto.

Ukiishia hapo, umesema nusu ya kweli. Nusu ya pili ni hii: sehemu kubwa ya waliouawa na waliokimbia pwani ya Cabo Delgado ni Waislamu. Wamwani, wenyeji wa pwani ya Mocímboa, walichinjwa na hao hao waliochoma makanisa. Viongozi wa Kiislamu wa huko walikuwa wameionya serikali juu ya kundi hili kabla vita haijaanza, na wengine walilipa kwa damu. Kufikia mwishoni mwa 2022, waliokuwa wamekimbia makazi yao walikuwa takriban milioni moja, wenye rozari na wenye tasbihi. Mjitolea anayeificha nusu hii ili hadithi yake iwe kali zaidi amejiharibia mwenyewe, kwa sababu msikilizaji wa Mtwara anaijua. Ana shemeji huko.

Sasa utauliza: kama wote wameumia, kwa nini tuwasemee Wakristo? Jibu langu ni kwamba hatuwasemei kwa kuwa damu yao ni ya thamani zaidi. Tunawasemea kwa kuwa ni wa nyumbani mwetu, na mtu asipomlilia wa nyumbani mwake nani atamlilia? Pia yako mambo yanayompata Mkristo kwa Ukristo wake hasa: padri kuwindwa, kanisa kulengwa Jumapili watu wakiwa ndani, msichana kushikiliwa kwa sababu amekataa kubadili dini. Hayo yanataka kusemwa kwa jina lake.

Hatua ya pili: jizoeze kupambanua

Si kila Mkristo aliyeuawa ameuawa kwa ajili ya imani. Kabla ya kuweka kisa kwenye daftari lako, jiulize: nani alifanya, na alisema nini mwenyewe? Aliyeumizwa angesalimika kama angekuwa wa dini nyingine au angeikana yake? Kuna kitu kingine ndani yake, kama ardhi, mifugo, madini, siasa, kisasi?

Zoezi zuri liko hapa hapa kwetu. Agosti 1905, Maji Maji ikiwaka, Askofu Cassian Spiss wa Wabenediktini aliuawa njiani karibu na Liwale pamoja na mabruda wawili na masista wawili. Misheni ya Nyangao ilichomwa, na ile ya Waanglikana pale Masasi nayo ikachomwa. Wabenediktini wanawakumbuka waliokufa kama mashahidi wa imani. Mwanahistoria atakukumbusha kodi, viboko na pamba ya kulazimishwa ya Mjerumani, na kwamba mpiganaji wa Maji Maji hakuwa na sababu ya kumtenga mmisionari na serikali iliyokuwa ikimkamua. Keti na vijana wako, wape kisa hiki, waache wabishane saa nzima. Wakimaliza watakuwa wamejifunza kitu ambacho semina ya siku tatu hotelini isingewapa: kwamba mtu anaweza kufa akiwa mwaminifu kwa Mungu wake mikononi mwa watu wenye madai ya haki dhidi ya wakubwa wengine. Ukishaelewa hilo, habari za Nigeria, ambako dini, malisho na ardhi vimefungamana, hutazisoma kwa pupa tena.

Viko visa vilivyo wazi zaidi, navyo vinafaa kwa kuanzia. Eritrea ilifunga makanisa yote mwaka 2002 isipokuwa ya Kiorthodoksi, Kikatoliki na Kilutheri. Februari 2015, kwenye ufukwe wa Libya, wanaume 21 walichinjwa mbele ya kamera: Wakopti 20 wa Misri na Mghana mmoja, Matthew Ayariga. Wauaji wenyewe walitamka kwamba wanawaua kwa sababu ya msalaba. Asia Bibi wa Pakistani alikamatwa 2009 kwa tuhuma ya kukufuru, akahukumiwa kifo, akaachiwa na Mahakama ya Juu ya nchi hiyo Oktoba 2018. Hapo hakuna wa kukubishia.

Hatua ya tatu: pata ruhusa

Nenda kwa Baba Paroko, Mchungaji au Padri wako kabla hujamwambia mtu mwingine. Peleka ukurasa mmoja: mnataka kufanya nini, lini, nani atashika fedha. Usiende mikono mitupu ukitegemea maelezo ya mdomo, maana wakubwa wana mambo mengi na watasahau. Kisha tafuta wenzio watatu au wanne, angalau mmoja awe mama anayeheshimiwa kwenye jumuiya na mmoja awe mtu wa hesabu. Shughuli ikitoka nje ya uwanja wa kanisa, mjulishe mwenyekiti wa mtaa au mtendaji wa kijiji kwa barua. Basi.

Hatua ya nne: hakiki kila ujumbe

Hapa ndipo ningependa ukae sana.

Umewahi kuletewa ujumbe unaosema: Liombeeni kanisa la India, usiku wa jana makanisa 20 yamechomwa, usiku wa leo watachoma 200 katika jimbo la "Olisabang", wamisionari 200 watauawa ndani ya saa 24, tafadhali sambaza? Ujumbe huu umezunguka dunia tangu karibu 2010. Hakuna jimbo la India linaloitwa Olisabang. Hakujawahi kuwepo. Tazama jinsi ulivyotengenezwa: hauna tarehe, "usiku wa jana" inafaa usiku wowote, hauna jina la askofu, mchungaji wala mji, una saa za kukuharakisha, na unamalizia kwa kukutaka usambaze. Dalili hizo nne ukiziona pamoja, futa.

Picha ni hatari zaidi. Kuna picha ya miili iliyoungua, imelazwa kwa safu, ambayo imesambazwa miaka mingi kama Wakristo waliochomwa moto Nigeria. Ilipigwa Kongo, katika mji wa Sange, Kivu Kusini, Julai 2010, baada ya lori la mafuta kupinduka na kulipuka. Watu zaidi ya 200 walikufa katika ajali ile, na maiti zao zimegeuzwa silaha ya kuchonganisha watu wa nchi nyingine. Ukiisambaza unawakosea mara mbili: waliokufa, na unaowasingizia.

Namna ya kuhakiki kwa simu ya kawaida ni hii. Ukipata picha, ihifadhi, ifungue kwenye Google Lens, uone ilionekana wapi kwanza na mwaka gani. Ukipata jina la mahali, liandike kwenye ramani ya simu; kama halipo, tulia. Tafuta tukio hilo hilo kwenye idhaa mbili zisizotegemeana: BBC Swahili na DW Kiswahili kwa upande mmoja, Vatican News ya Kiswahili, shirika la habari la Fides au tamko la jimbo husika kwa upande wa pili. Mfano: Julai 2025 ilipovuma kwamba waumini wameuawa usiku parokiani Komanda, Ituri, nchini Kongo, habari ilithibitishwa na kanisa lenyewe na pia na Umoja wa Mataifa. Hapo unaweza kusimama kanisani ukasema.

Kwenye daftari piga mistari ya safu tano: tarehe ya tukio, mahali, nani ameumia, chanzo cha kwanza, chanzo cha pili. Safu ya tano ikiwa tupu, kisa hakisomwi kwenye matangazo, hata kama aliyekileta ni mzee wa kanisa. Methali ya "lisemwalo lipo" haifai katika kazi hii. Na kwa wanaodhani ni suala la adabu tu, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inagusa usambazaji wa taarifa za uongo, na msimamizi wa kundi la WhatsApp asijidhani yuko salama kwa kunyamaza.

Hatua ya tano: zungumza na jirani kabla hajasikia barabarani

Usingoje Jumapili ifike spika ya kanisa ianze kutaja Msumbiji na mauaji ndipo imamu ashtuke. Nenda siku chache kabla, mkiwa wawili, mmoja awe mtu mzima. Mazungumzo hayahitaji hotuba. Yanaweza kwenda hivi:

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Nasikia mna jambo kanisani."

"Ndiyo mzee. Jumapili tunawaombea ndugu zetu walioumizwa Msumbiji na nchi nyingine. Nimeona uisikie kwangu kwanza."

"Huko wanaumia wote. Mdogo wa mke wangu alikuwa Palma, mpaka leo hatujui alipo."

"Pole sana mzee. Ukituruhusu, tutamtaja naye kwenye maombi."

Mzee anaweza kukubali au kukataa. Vyote viwili ni haki yake. Kama wilaya yenu ina kamati ya amani ya viongozi wa dini, wape taarifa nao. Na kuna siku moja inayofaa kufanywa pamoja: tarehe 22 Agosti, ambayo Umoja wa Mataifa umeiweka kuwakumbuka waathirika wa ukatili unaotokana na dini au imani. Siku hiyo mnaweza kukaa na Waislamu meza moja, kila upande ukataja wa kwake.

Ndani ya kanisa, chunga maneno. Sema "kundi lenye silaha", sema "wauaji", taja jina la kundi kama unalijua. Usiseme "Waislamu wameua". Mhubiri mgeni akianza kuteleza huko, mwenyekiti wa kamati ana wajibu wa kumpelekea kikaratasi pale pale madhabahuni. Aibu ya dakika moja ni nafuu.

Hatua ya sita: panga kwa kalenda ya korosho

Siku ya Kimataifa ya Kuombea Kanisa Linaloteswa huadhimishwa na makanisa mengi mwanzoni mwa Novemba. Baadaye mwezi huo shirika la Kikatoliki la Kanisa Hitaji, linalojulikana kwa kifupi ACN, lina Jumatano Nyekundu, ambapo makanisa huwashwa taa nyekundu na watu huvaa nyekundu. Kwetu Novemba ni neema na adha kwa pamoja. Minada inaendelea, malipo yanaingia benki, watu wana kitu mfukoni. Lakini nusu ya waumini wako shambani wanaokota au wako ghalani na magunia, na malipo yakichelewa huwezi kumwambia mtu neno la mchango.

Ushauri wangu: maombi yafanyike mwanzoni mwa Novemba pamoja na dunia nzima, mchango uitishwe mwishoni mwa Novemba au Desemba, baada ya mnada ambao watu wa kata yenu wameshalipwa. Waulize viongozi wa AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, wanajua. Lindi, kwa wakulima wa ufuta, fedha inakuja katikati ya mwaka, kwa hiyo Ruangwa na Nachingwea mnaweza kuweka mchango Julai. Usithubutu Februari. Februari ghala za ndani zimeisha, mahindi bado machanga, na mzazi anatafuta daftari za shule. Mwezi huo waombe watu sala tu. Nayo ni kitu.

Hatua ya saba: siku yenyewe

Dakika 45 zinatosha, baada ya ibada au badala ya mkutano wa jumuiya. Kisa kimoja kielezwe vizuri. Ukileta nchi kumi, watu wataondoka na majina ya nchi kumi na hakuna mtu hata mmoja.

Nitakupa mfano wa namna ya kukieleza. Helen Berhane ni mwimbaji wa injili wa Eritrea. Alikamatwa 2004 kwa sababu ya imani yake, akafungwa zaidi ya miaka miwili katika kambi ya Mai Serwa, ndani ya kontena la chuma. Akaachiwa mwishoni mwa 2006 akiwa mgonjwa, akapata hifadhi Denmark. Sasa, watu wa Mtwara kontena wanalijua, bandarini yamejaa. Chukua chokaa, chora uwanjani mstatili wa mita sita kwa mita mbili na nusu hivi, ndio ukubwa wa kontena la futi ishirini. Waite watu kumi na wanane waingie ndani waketi. Jua la saa sita liwe juu yao. Waambie hakuna dirisha, choo ni ndoo, mchana chuma kinaunguza, usiku kinaganda kwa baridi. Msomaji asome maisha ya Helen kwa sauti ya kawaida, bila kuigiza kilio. Wakiwa bado ndani ya chokaa, kwaya iimbe wimbo mmoja ambao wote wanaujua. Kisha watoke, wakae kivulini, wanywe maji, waombe.

Wazee na wajawazito wasiingie. Na watoto wa Sunday school wapangiwe kitu chao: wachore, wajifunze jina la nchi na sala fupi. Mtoto wa miaka saba hahitaji kusikia habari ya kuchinja.

Katika maombi, ombeni kwa majina na mahali. "Uwasaidie wote wanaoteswa popote walipo" ni sala ya mtu mwenye haraka. Ombeni kwa Kiswahili, na kama jumuiya ina wazee, waacheni waombe kwa Kimakonde, Kimakua au Kiyao. Waombeeni na wauaji. Watu watanung'unika hapo, waache wanung'unike, wataelewa.

Mnaweza kumwita aliyekimbia vita atoe ushuhuda? Mara nyingi jibu liwe hapana. Huenda ana ndugu bado kule, huenda hati zake hazijakaa sawa, huenda akianza kusema usiku huo halali. Akitaka mwenyewe, asirekodiwe, jina libadilishwe, kijiji kisitajwe, picha isipigwe hata ya kumbukumbu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ipo, lakini kabla ya sheria ni utu. Na akimaliza kusema, awepo mtu wa kumsindikiza nyumbani.

Hatua ya nane: fedha

Hakuna kinachoua huduma hii haraka kama fedha isiyojulikana ilikokwenda. Tangaza kabla, kwa maneno mepesi, mchango ni wa nini: "wa chakula na mahema kwa waliokimbia, kupitia Caritas" (shirika la misaada la Kanisa Katoliki), kwa mfano. Usiitishe mchango "kwa ajili ya Wakristo wanaoteswa" halafu ndipo uanze kutafuta pa kuupeleka.

Fedha isiingie kwenye simu ya mtu, hata ya mwenyekiti, hata kwa siku moja. Iingie akaunti ya parokia, usharika au mtaa, au namba ya malipo iliyosajiliwa kwa jina la kanisa. Sadaka ya kapu ihesabiwe na watu watatu wasio wa familia moja, mbele ya meza, waandike kwenye karatasi na kusaini wote, kabla hawajainuka. Jumapili inayofuata kiasi kitangazwe hadi shilingi ya mwisho. Wengine huona hii ni kudhalilisha sadaka ndogo. Mimi naona anayetoa mia tano ana haki ya kusikia mia tano yake.

Njia ya kupeleka kwa Wakatoliki ni ofisi ya Caritas ya jimbo, ambayo ni sehemu ya mtandao unaofika hadi Pemba, Msumbiji. Makanisa mengine yapitishe dayosisi yao, ambayo inaweza kuwasiliana na wenzao wa Msumbiji au na mashirika kama Open Doors. Uliza mapema makato ya kutuma nje ya nchi, ili usitume laki mbili mara tano ukakatwa mara tano. Tuma mara moja.

Nguo je? Kila mara mtu atasema tukusanye nguo tuzivushe. Moyo mzuri, hesabu mbaya: kuna usafiri, kuna forodha, kuna barabara za Nanyumbu wakati wa mvua, na ukifika unakuta wanaohitaji unga na dawa. Uza hizo nguo gulioni, peleka fedha.

Kama kuna familia iliyovuka mto na imefika kijijini kwenu, hiyo ni habari nyingine. Wapeni maji, chakula, mahali pa kulaza watoto. Hakuna sheria inayokataza kumpa mwenye njaa chakula. Lakini msiwafiche. Sheria ya Wakimbizi ya 1998 inamtaka anayeingia kuomba hifadhi ajitokeze ndani ya siku saba, na mtendaji wa kijiji ni mmoja wa wanaopokea taarifa hiyo. Mpelekeni akiwa na mtu wa kanisa, na mjulisheni paroko au mchungaji ili awasiliane na shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa. Suala ni nyeti. Mwaka 2021 shirika hilo lililalamika hadharani kwamba maelfu ya watu wa Cabo Delgado walirudishwa kwa nguvu kutoka upande wetu. Ndiyo sababu familia isiende peke yake.

Baada ya hapo

Wiki mbili baada ya kutuma, mweka hazina aulize jimboni au dayosisi kama fedha imefika, na aombe stakabadhi. Ikija, ibandikwe kwenye ubao wa matangazo, pembeni ya matangazo ya ndoa, ikae mwezi mzima. Ikikawia, tangazeni kwamba imekawia na mnafuatilia.

Januari orodha mpya ya Open Doors ikitoka, mkae tena, mchague kisa kimoja cha mwaka, mfungue ukurasa mpya wa daftari. Na kama kutoka Pemba kutakuja barua ya shukrani, itakuwa kwa Kireno. Mtafuteni mapema mzee aliyesoma Mueda zama za Mreno. Newala na Tandahimba hawakosekani. Aisome kwanza kwa Kireno chake, ndipo aieleze.